Mto wa Nani? Mjadala wa klabu ya wavuvi kwenye miteremko ya Mlima Kenya

Ukitoka mjini Embu kwa barabara ya Meru, unaipita hoteli yenye jina la Mwingereza aliyefariki mwaka 1683 bila kuikanyaga Afrika: Izaak Walton. Mwaka 1653 Walton alichapisha kitabu kuhusu uvuvi wa ndoana, akakiandika kwa mtindo wa majibizano. Katika toleo la pili wanaobishana njiani ni watatu: mvuvi, mwindaji na mfuga kipanga, kila mmoja akiutetea mchezo wake. Jina lake lilifika Embu katika enzi za ukoloni, mji ulipokuwa kituo cha walowezi waliopanda kwenye mito baridi ya Mlima Kenya kuvua samaki aitwaye trauti.

Enzi hizo zilikuwa na vyama vyake. Kulikuwa na Kenya Angling Association, chama cha wavuvi wa ndoana. Kulikuwa na East African Professional Hunters' Association, chama cha wawindaji wa kulipwa kilichoundwa katika Hoteli ya Norfolk, Nairobi, mwaka 1934, na kikavunjwa mwaka 1977 serikali ilipopiga marufuku uwindaji. Vyama vya namna hii vilikuwa mali ya wanachama wenyewe. Walitoa ada, walichagua viongozi, walitunga kanuni, na aliyezivunja alionyeshwa mlango.

Hoja ninayoileta mezani ni hii: je, mito ya juu ya Embu na Meru ikabidhiwe klabu ya uvuvi inayomilikiwa na wanachama wake, klabu ikipewa haki ya kuvua pamoja na wajibu wa kulinda? Naiuliza kwa sababu mito hiyo inaumia, na maumivu yake hayaishii mlimani. Rupingazi, Thuci, Nithi, Mutonga na Kathita yote humwaga maji yake katika bonde la Tana, na maji ya Rupingazi husaidia kuzungusha mitambo ya umeme ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere.

Wazungumzaji wanne wafuatao nimewatunga, lakini hoja zao ni zile zile zinazosikika kila mito hii inapotajwa barazani. MZEE amestaafu kazi ya uvuvi serikalini na anaishi Embu. MWALIMU anafundisha historia, kwao ni Mbeere. MAMA ni mkulima wa kahawa Imenti Kusini, na shamba lake linashuka hadi mtoni. KIJANA anaongoza wapanda mlima kupitia lango la Chogoria.

Samaki kama shahidi

MZEE: Nitaanza na samaki mwenyewe. Trauti anataka maji baridi, yanayokwenda kasi, yenye hewa nyingi na yasiyo na tope. Miti ya kingoni ikikatwa, jua linapiga maji, maji yanapata joto, na yeye anahama au anakufa. Mvua ikisukuma udongo wa shamba mtoni, tope linafunika changarawe alikotaga, mayai yanakosa hewa. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mto wa juu ni mzima, muulize trauti. Sisi tulikuwa tukitotolesha vifaranga pale Kiganjo, kituo kilichoanzishwa mwaka 1948, na kuvipandisha mtoni kwa mapipa. Ukichelewa njiani na maji ya pipa yakapata joto, unafika na mzoga. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwamba maji baridi ni mali.

KIJANA: Na klabu inaingia wapi hapo, mzee?

MZEE: Inaingia kwenye macho, mwanangu. Ofisa wa serikali ana wilaya nzima na gari moja bovu. Mwanaklabu anaujua mto wake bwawa kwa bwawa, kwa kuwa anautembelea. Kanuni zilikuwa chache na zilifuatwa: unavua kwa nzi bandia peke yake, si kwa minyoo, samaki asiyefika kipimo anarudishwa majini, idadi ya samaki wa siku haizidishwi, ukimaliza unaandika kwenye daftari umevua wangapi na wapi. Daftari hilo lilikuwa na kazi kubwa kuliko watu walivyodhani. Mwaka ambao kurasa zilianza kuonyesha samaki wachache na wadogo, ulijua kuna jambo limetokea huko juu: msitu umekatwa, au mtu ameweka bomba. Leo nani anaandika? Ukiwa ndani ya hifadhi ya taifa, mto uko chini ya Shirika la Wanyamapori. Ukishuka msituni, unamkuta mtu wa Huduma ya Misitu. Ukitoka msituni, umeingia kaunti. Mto mmoja, ofisi tatu, na hakuna anayeutazama kila wiki.

Historia iliyoanzia katikati

MWALIMU: Mzee wangu, kazi yako naiheshimu, lakini simulizi umeianzia katikati. Trauti hakuumbwa Mlima Kenya. Aliletwa nchini mwaka 1905 na Ewart Grogan, mayai yakitoka Loch Leven huko Uskoti, yakawekwa kwenye mto Gura katika milima ya Aberdare. Jina la Grogan limeandikwa katika kila kitabu cha wavuvi. Waliobeba mizigo hiyo hadi mlimani hawakuandikwa popote. Na Grogan huyo huyo, mwaka 1907, aliwachapa Waafrika viboko hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi. Nasema haya kwa sababu klabu za walowezi zilijengwa na watu wa fikra hiyo. Mwafrika alikuwa mfuata nyayo, mbeba bunduki, mpishi, mlinzi wa kambi. Uanachama haukuwa wake.

MZEE: Sikatai.

MWALIMU: Basi niendelee. Mwaka 1900 mataifa ya Ulaya yalikutana London kuamua hatima ya wanyama wa Afrika, na hakukuwa na Mwafrika mezani. Sheria zilizofuata zilimpa leseni mwenye bunduki na kumfanya mhalifu mwenye mshale. Kwetu Mbeere watu waliwinda kwa mishale ya sumu, nyama ikaliwa kijijini, na kila ukoo ulijua eneo lake. Yule yule aliyekuwa mwindaji machoni pa watu wake akaitwa jangili machoni pa sheria, ilhali mgeni aliyekuja na bunduki tatu kutafuta pembe za kutundika ukutani akaitwa mwanamichezo. Wawindaji wa kulipwa walijivunia maadili yao: mnyama asipigwe risasi kutoka garini, aliyejeruhiwa afuatwe hadi amalizwe. Maadili mazuri. Lakini haki ya mnyama ilifikiriwa kabla ya haki ya mtu.

KIJANA: Lakini mwalimu, hayo yalikwisha 1963.

MWALIMU: Kumbukumbu haikwishi kwa tarehe, ndugu yangu. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, msitu huu ulifungwa. Watu wa Embu na Meru walilazimishwa kuchimba handaki ukingoni mwa msitu ili kuwatenga wapiganaji wa uhuru na vijiji vyao. Jenerali Kubukubu wa Embu alipigana katika msitu huu. Mwariama wa Meru alitoka msituni wakati wa uhuru, mwaka 1963. Mito hii hii unayotaka ivuliwe kwa leseni ndiyo waliyokunywa maji yake wakiwa mafichoni. Ukimwambia mjukuu wa mtu aliyechimba handaki lile kwamba sasa kutakuwa na klabu yenye lango, usishangae akikataa kabla hujamaliza sentensi.

Mwanachama anavyojua uanachama

MAMA: Nimewasikiliza wote wawili, na mnazungumza kama watu ambao hawajawahi kuwa wanachama wa kitu. Mimi ni mwanachama. Katika miaka ya 1930, Mwafrika alipoanza kuruhusiwa kupanda kahawa, Meru na Embu zilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo, na hata hapo tulihesabiwa miche. Baadaye tukaunda vyama vya ushirika. Kiwanda cha kahawa ninakopeleka mavuno ni changu na cha jirani zangu. Kila mmoja ana nambari yake, kilo zake zinaandikwa, mwisho wa mwaka tunakaa mkutanoni. Kwa hiyo msinifundishe maana ya mali ya wanachama. Najua uzuri wake na najua ugonjwa wake.

MZEE: Ugonjwa wake ni upi, mama?

MAMA: Viongozi wanaokaa miaka mingi hadi wanasahau walichaguliwa. Deni linalochukuliwa kwa jina letu tukalisikia limeshaiva. Malipo yanayotajwa leo na kufika msimu mwingine. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi naongeza kwamba daftari likifungiwa kabatini ni sawa na kutokuwepo. Basi kabla hamjanikabidhi kwa klabu, niambieni: daftari litashikwa na nani, na litasomwa mbele ya nani?

KIJANA: Na maji ya kuchota?

MAMA: Hilo ndilo la kwanza! Nikiteremka na mtungi, au ng'ombe wangu akishuka kunywa, nitakuta mlinzi wa klabu ananiambia nimewashtua samaki? Kwetu samaki hakuwa hata chakula. Wazee wa Meru, Waembu, Wakikuyu, wengi hawakumla kabisa. Mama yangu alifariki bila kuonja. Mto kwetu ni maji kwanza.

MZEE: Mama, nikuulize nami bila kukukosea heshima. Msimu wa kahawa, maji ya kiwanda chenu huenda wapi?

MAMA: Swali ni la haki. Kahawa nyekundu ikifika inamenywa kwa maji mengi. Maganda yanatoka upande mmoja, mbegu yenye utelezi inakaa kwenye birika la saruji hadi ule utelezi uvunde na kuoshwa. Maji yanayobaki ni mazito, ya hudhurungi, yana harufu ya uchachu inayokufuata hadi nyumbani. Yanatakiwa yaende kwenye mashimo yanywewe na ardhi. Mashimo yakijaa mvua ikinyesha, yanajua njia ya kuteremka. Nimeona mto ukibadilika rangi, na nimeona kaa wa mtoni wakipanda kwenye mawe kuyakimbia maji. Kwa hiyo mimi si mshtaki tu. Mimi pia ni mshtakiwa.

Mali iliyo mkononi

KIJANA: Sasa nisikilizeni mimi ninayepanda. Nikiwa na wageni kupitia Chogoria, tunalipita Ziwa Ellis, tunachungulia korongo la Nithi, chini kabisa tunaliona Ziwa Michaelson. Wageni wengi wakisikia kuna trauti majini wanauliza kama wanaweza kuvua. Upande wa Meru kuna Ziwa Rutundu na Ziwa Alice. Mwaka 2010 Mwanamfalme William wa Uingereza alimchumbia Kate Middleton pale Rutundu, dunia nzima ikasoma jina la ziwa letu gazetini. Swali langu ni moja: kati ya vijana wa vijiji vilivyo chini ya ziwa hilo, wangapi wamewahi kushika ufito wa kuvulia?

MWALIMU: Wachache sana, nadhani.

KIJANA: Na kuna jambo jingine. Nchi hii inauza ng'ambo nzi bandia wanaofungwa kwa mikono, na wafungaji wengi ni wanawake. Mmewahi kuona kazi ile? Ndoana ndogo kuliko ukucha wa mtoto inabanwa kwenye jiliwa. Uzi uliopakwa nta unazungushwa toka kichwani hadi mkiani. Kisha unyoya wa shingo ya jogoo unashikwa ncha, unazungushwa mara chache, na nyuzinyuzi zake zinasimama kama miguu ya mdudu aliyetua majini. Fundo linakazwa nyuma ya jicho la ndoana, tone la vanishi, basi. Nzi huyo anarushwa kwenye mito ya Uskoti na Marekani. Tunafunga nzi ambao wenyewe hatujawahi kuwarusha! Klabu yenye wanachama wa hapa ingetupa waongozaji wa uvuvi, wafungaji wa nzi, walinzi wa mto, na sababu ya kijana kubaki Chogoria.

MWALIMU: Umesahau kusema kwamba samaki huyo ni mvamizi. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limewaweka trauti wa aina zote mbili walioko Kenya, yule wa kahawia na yule wa upinde wa mvua, katika orodha ya viumbe 100 wavamizi wabaya zaidi duniani. Anakula wadudu wa majini, kaa, viluwiluwi. Tunataka kumjengea klabu?

MZEE: Hilo ni kweli na halifai kufichwa. Ndiyo maana siombi apelekwe mto mpya hata mmoja. Mahali ambapo hayupo, asipelekwe. Lakini ameshakaa katika mito hii karne nzima, na hakuna atakayemwondoa. Yupo, basi tumtumie: atulipie ulinzi wa maji, na anayemvua kwa kula asirudishiwe masharti ya mwanamichezo.

Na uwindaji je?

MWALIMU: Kama hoja yenu ni kwamba mwenye haki ya kuvuna hulinda, basi mtaambiwa kesho mruhusu na bunduki. Wawindaji wa zamani husema hivyo hivyo. Wanasema marufuku ya Mei 1977 iliwaondoa watu waliokuwa macho ya porini, na majangili wakapata nafasi.

MZEE: Na hawakukosea kabisa. Mwaka 1988 majangili wenye bunduki za kivita waliingia Hifadhi ya Taifa ya Meru wakawaua faru weupe watano waliokuwa chini ya ulinzi. Miaka ile hata askari waliogopa kulala huko.

MWALIMU: Lakini tembo walikuwa wameanza kuisha kabla ya marufuku, mzee. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilihesabiwa kuwa na tembo zaidi ya 160,000. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa chini ya 20,000. Kuporomoka huko kulianza wakati wawindaji wenye leseni wangali porini na vyama vyao vikiwa hai. Macho yao yaliona na hayakuzuia, kwa sababu pembe ilikuwa na bei na wanunuzi walikuwa wakubwa. Klabu haiwezi kushindana na bei ya pembe za ndovu.

MAMA: Mimi nitasema la upande wa Meru. Hifadhi ile haikuanzishwa na klabu wala mlowezi. Ilikuwa baraza la wilaya, baraza la Waafrika, lililotenga ardhi mwaka 1959, ndiyo ikaja kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1966. Watalii wanakuja kwa ajili ya simba Elsa, aliyezikwa huko, na kwa ajili ya George na Joy Adamson. Ni sawa. Lakini wachache wanajua kwamba wazee wa Meru ndio waliosema kwanza: hapa pasilimwe. Kwa hiyo tusizungumze kana kwamba kulinda ni jambo tunalofundishwa. Njuri Ncheke, baraza letu la wazee, walikuwa na misitu isiyoguswa kabla hatujaona karatasi ya leseni.

KIJANA: Basi uwindaji tuuache nje ya hoja?

MAMA: Uachwe. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imeukataza, na mimi siuhitaji. Tembo akiingia shambani nataka kulindwa na kulipwa fidia, sitaki mgeni aje kumpiga risasi kwa niaba yangu. Samaki ni jambo jingine. Samaki unaweza kumvua, ukamtazama, ukamrudisha. Na mtu mwenye ufito hamtishi jirani yake.

Mfano wa wengine

MZEE: Nataka kutaja nchi moja ndogo ya Ulaya, Slovenia. Huko mito ni ya umma, lakini serikali inavikabidhi vyama vya wavuvi wa kila eneo vipande vya mto kwa mkataba. Wanachama wanapanda vifaranga, wanalinda, wanauza leseni za siku kwa wageni, na mapato yanarudi mtoni. Wakishindwa, mkataba unaweza kuondolewa. Hicho si chama cha mabwana. Ni seremala, mwalimu, mfanyakazi wa kiwandani.

MWALIMU: Hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Ziwani Victoria tuna vikundi vya usimamizi wa fuo, vile watu wanavyoviita BMU, vyenye kanuni za kisheria tangu mwaka 2007. Wavuvi, wachuuzi na wenye mitumbwi wanajiandikisha, wanachagua kamati, na kamati inatakiwa iwe na wanawake. Vingine vimefanya kazi, vingine vimeliwa na wajanja. Tofauti imekuwa ni kama wanachama wanahudhuria mikutano.

KIJANA: Hata hapa kwetu tuna vyama vya watumiaji wa maji na vyama vya jamii za misitu. Sheria zipo.

MAMA: Zipo, na wengi wanafanya kazi ya kupanda miti bila malipo huku wakiahidiwa semina. Kumbukeni pia mabwawa ya samaki ya mwaka 2009. Serikali ilichimba mabwawa 200 kwa kila eneo bunge lililochaguliwa, Meru na Embu tukiwemo. Vifaranga vikaja, watu wakapiga picha. Kisha chakula cha samaki kikawa ghali, soko likawa gumu kupatikana, na mabwawa mengi yakageuka mashimo ya nyasi. Yalishushwa kutoka juu. Hakukuwa na kundi lililojisikia ni lake.

MWALIMU: Hapo mama umenisogeza. Nikubali hivi: kukosa klabu kumetuletea mto usio na mwenyewe, na mto usio na mwenyewe humezwa na mwenye bomba refu zaidi. Hofu yangu imebaki moja, kwamba mwenye fedha za ada atakuwa mwenye mto.

MZEE: Na hofu yangu ni kinyume chake, kwamba tukiogopa mabwana wa zamani milele, wajukuu wetu watasoma habari za Rupingazi kama tunavyosoma habari za tembo wa zamani.

Uamuzi wangu

Nimewapa wote nafasi, sasa nisimame mahali. Naunga mkono hoja, lakini si kwa klabu ile ya zamani. Vyama vya walowezi viligundua jambo la kweli: maji hulindwa na watu wenye haki inayotambuliwa, wanaofahamiana kwa majina, na wanaoweza kuwajibishana. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba haki hiyo inahitaji kuwafungia wengine nje. Leseni, kipimo cha samaki na daftari la mtoni ni vitu vya kurithi bila aibu. Lango lao ni la kuachwa huko huko lilikoanzia.

Katiba ya mwaka 2010 imeurahisishia mjadala huu kazi. Ibara ya 62 inaiweka mito katika ardhi ya umma, kwa hiyo hakuna klabu inayoweza kuimiliki. Inaweza tu kukabidhiwa kwa muda. Na Jedwali la Nne linazipa kaunti sehemu ya kazi ya uvuvi. Kaunti zinaweza kuandika masharti, na masharti ndiyo yatakayoamua kama tunajenga klabu au tunajenga ukuta.

Sharti la kwanza ni uanachama unaoanzia kingoni. Kaya zilizo kwenye bonde la mto ziandikwe kwanza, kwa ada ambayo mkulima wa ekari moja anaweza kuilipa bila kuuza mbuzi, na kura iwe ya wakazi peke yao. Mgeni wa Nairobi au London anunue leseni ya siku, avue, aondoke na furaha yake, asipige kura. Hapo hofu ya Mwalimu inapata jibu.

Sharti la pili ni maji kabla ya samaki. Kuchota maji na kunywesha mifugo lisiwe jambo la klabu hata kidogo. La klabu liwe lile linaloua mto: bomba lisilo na kibali, mkaratusi uliopandwa ndani ya hifadhi ya kingo ambayo kanuni zinaipa upana wa mita 6 hadi 30, na maji machafu ya kahawa. Mama amekiri kwamba kiwanda chake kinahusika. Wanachama wa kiwanda na wanachama wa klabu watakuwa watu wale wale, na hilo ndilo tumaini langu kubwa, kwa kuwa mtu atakayekuwa na hisa pande zote mbili ndiye mwenye sababu ya kuchimba shimo la kutosha kabla ya msimu.

Sharti la tatu ni daftari lililo wazi. Samaki waliovuliwa, leseni zilizouzwa, mishahara ya walinzi, miti iliyopandwa: yote yasomwe kwa sauti barazani, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali, mbele ya mtu yeyote atakayekuja. Uongozi uwe na kikomo cha miaka. Vyama vya kahawa vimetufundisha somo hili kwa bei kubwa, na ingekuwa dhambi kulilipia mara ya pili.

Sharti la nne ni mkataba wenye mwisho. Trauti asipelekwe mto mpya, uwindaji usiguswe, na mto ukipimwa ukaonekana umezorota mikononi mwa klabu, mkataba usiongezwe.

Watakaosema haya ni mazito kwa watu wa kawaida wawatazame wakulima wa Meru na Embu, ambao kwa miaka mingi wamepima kilo, wamechagua kamati, wamewafukuza viongozi na kuanza upya. Hakuna mlowezi aliyewahi kuwa na uzoefu mkubwa kuliko huo wa kuendesha chama. Wanachokosa ni haki juu ya mto unaopita chini ya mashamba yao. Mabunge ya kaunti za Embu, Tharaka-Nithi na Meru yana uwezo wa kuwapa haki hiyo. Yaanze na mto mmoja, kwa mkataba wa miaka mitano, na jina la kwanza kuandikwa kwenye orodha ya wanachama liwe la mtu anayeishi kando yake.